Jibu la Damu ya Papa Labo

Walimuuliza mara tatu, na mara tatu akajibu ndiyo.

Ilikuwa dimanche, siku ya ibada, asubuhi, kanisani kwa Pastor Élysée, pale Mangobo, mutaa wetu wa Kisangani. Mabati yalikuwa yamekwisha kupata moto, watu wamejaa mpaka mulangoni. Papa Labo walimukalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya mimbari. Alivaa shati lake jeupe la kazi. Nililipiga pasi mimi mwenyewe asubuhi ile, nikizani wanamupeleka kuombewa.

— Papa, ni wewe ulikula mutoto wa Fabien?

— Ndiyo, akasema, akainamisha kichwa kidogo, kama mutu anayeshukuru kwa kupewa nafasi ya kukaa.

— Uko na wenzako mu ile kazi ya bulozi?

— Ndiyo.

— Leo unaomba radhi mbele ya Mungu na mbele ya bana yako?

— Ndiyo, ndiyo. Asante sana.

Kanisa likalia kama soko linaloungua. Fabien, mutoto wa kwanza wa Papa Labo, baba ya yule mutoto aliyekufa, akatoka mbio nje. Mimi nilipanda juu ya banc ya kukalia nikapiga kelele: «Anajibu ndiyo kwa kila kitu! Mumuulize kama yeye ni askofu! Mumuulize kama iko na mimba!» Hakuna aliyemuuliza. Watu wawili wa protokoli, wale wa kupanga watu kanisani, wakanishika mikono, wakanitoa nje kwa heshima yote, kama wanavyotoa mama mwenye mutoto anayelia.

Huyo mutu aliyesema ndiyo, miaka yote niliyomujua neno lake kubwa lilikuwa hapana.

Hapana, usiniambie unaumwa nini, nitaona mwenyewe. Hapana, hiyo siyo malaria, ni pombe. Hapana, jibu sitamupa kaka yako, nitakupa wewe. Mangobo nzima ilimwita Papa Labo, kwa ajili ya labo alimopimia damu, hata bibi yake wa ndoa alimwita hivyo. Jina lake la kuzaliwa sitaliandika, wamelichafua ya kutosha. Majina ya wengine siyafichi.

Mimi alinijua kwa shingo. Nilikuwa musichana, nimetoka Isangi, na kwetu walikuwa wamekwisha kunihukumu. Nilikuwa ninalala muchana na chakula mudomoni. Nikiamka ninatukana wakubwa, ninacheka peke yangu, ninasahau njia ya mutoni. Tonton wangu Bruno, mujomba, alisema mimi ni ndoki, mulozi, na wenzangu wananiita usiku kwenda kazi yetu, njo maana muchana nimechoka. Mama mudogo akanipandisha baleinière, boti kubwa ya mbao, kunileta Kisangani niombewe. Tulipofika alikuwa na homa, tukapita kwanza kwenye centre de santé, zahanati, apimwe. Nilikaa kwenye banc, mate yananitoka. Papa Labo akatoka ndani bila kuitwa na mutu. Akaweka vidole viwili nyuma ya shingo yangu, chini ya sikio, akavizungusha polepole kama mutu anayetafuta jiwe katika muchele.

— Huyu analala muchana?

— Papa, huyu ni wa kuombewa, mama mudogo akasema.

— Hapana. Huyu ni wa sindano.

Akachoma tezi aliyoipata pale, akatoa tone moja, akaliweka chini ya mikroskopi yake. Kisha akaniinua kwa kwapa, akanisukuma jicho kwenye mashini. Sikuelewa, niliona tu rangi na vitu vinavyocheza. Kati ya duara nyingi kulikuwa na kitu kimoja kinapiga mukia, kinasukuma wengine kama mutoto wa samaki ndani ya kikapu.

— Unaona? Ndoki yako ni ile. Iko na mukia. Umusalimie.

Ni ugonjwa wa usingizi, ule wa inzi mbung'o. Dawa ya siku zile ilichoma mishipa kama pilipili, na wengine tuliolala pamoja katika ile salle hawakutoka. Mimi nilitoka. Isangi sikurudi. Nilirudi kwenye mulango wa labo nikasema ninataka kazi.

— Ulisoma mpaka wapi?

— Ya nne primaire.

— Basi utaosha.

Nikaosha vioo vyake vya damu miaka zaidi ya ishirini. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Isangi. «Isangi, maji.» «Isangi, funga mulango, watu hawa wanapumua sana.»

Labo ilikuwa chumba kimoja na dirisha moja. Courant ya umeme ilikuwa inakuja kama mugeni, donc alifanya kazi na jua. Chini ya mikroskopi kulikuwa na kioo kidogo cha kugeuza. Alikigeuza mpaka mwangaza ukapanda, kisha akatulia, na hapo hata ungeanguka nyuma yake hangesikia. Siku ya mawingu aligombana na kila mutu, na Mungu akiwa wa kwanza. «Umeumba vijidudu, sasa unaficha taa!»

Alikuwa na sheria moja, na kwa sheria hiyo wengi walimuona mwenye kiburi. Jibu alilitoa siku ileile, yeye mwenyewe, akiwa amesimama, katika mukono wa mwenye damu. Hakumutuma infirmier, yule muuguzi, wala hakumupa bwana jibu la bibi yake. Mara moja mwanamuke alichoka kungojea akarudi kwake Lubunga, ngambo ya muto. Papa Labo akafunga mulango, akapanda kinga yake, ile baiskeli, akavuka na pirogue, mutumbwi mudogo, kinga juu ya magoti, akamutafuta nyumba kwa nyumba. Alirudi jua likizama, suruali imelowa. Nikamuuliza kama ilikuwa habari mubaya sana ile.

— Hapana. Hakuwa na kitu.

— Sasa papa, si angekuja kesho?

— Amenipatia damu. Mimi nimupatie nini? Jibu. Kitu ingine sina.

Watu wanasema alikuwa mutu mwema. Sikumuona hivyo kila siku. Bibi yake, kabla ya kufa, aliongea na kuku zake kuliko na yeye. Akifika nyumbani alikula pondu yake, majani ya muhogo, kimya, akafungua daftari, akahesabu vijidudu vya muchana tena. Mimi aliniambia mikono yangu iko na akili kuliko kichwa, mbele ya watu, wakacheka. Lakini wagonjwa wakiisha kwenda, jua likiwa bado nzuri, aliweza kusema: «Isangi, kuja uone ujinga huu.» Nikaangalia, nikasema ni filaria, minyoo midogo, ao ni malaria, pete mbili. Hakusema ndiyo. Kama nimekosea alisema hapana. Kama nimepata alinyamaza. Nilijifunza yote kwa kunyamaza kwake.

Tena alikuwa mwoga wa sindano. Yeye! Kila mwaka centre ikipima wafanyakazi, aligeuka rangi ya majivu, akashika meza. Na alisema mbele ya kila mutu: «Nimeangalia damu ya watu kutoka Yanonge mpaka hapa, ndoki sijaona hata mumoja.» Bon. Lakini kucha zake akikata alizikusanya kwenye karatasi, akazichoma moto. Nilimucheka: papa, unaogopa nani? «Ni usafi tu,» akasema, akageuka kuficha kiberiti. Habari ya hizo kucha Pastor Élysée aliitoa kanisani kama ushahidi. Ile maneno ya ndoki pia: «Hajawaona kwa sababu walikuwa ndugu zake!» Wakapiga makofi.

Wakati majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya muji wetu, watu walikimbia na magodoro, na vyungu, na watoto. Papa Labo nilimukuta njiani na mikroskopi mugongoni, amefunga na pagne ya bibi yake kama mama anavyobeba. Makombora yanapita juu. Mwanamuke mumoja, katika mbio ile, akamuuliza:

— Papa, wako ni kijana ao binti?

— Nyamaza mama, utamwamusha.

Tulicheka tukiwa tumelala katika mufereji. Sikumusikia akifanya mchezo tena.

Kuharibika kulianza na kicheko vilevile. Siku moja alitoka na karatasi, akasimama wima kama kawaida, akamushika mukono dereva wa pikipiki, mwanaume na ndevu zake:

— Tonton, uko na mimba ya miezi mitatu.

— Haleluya! jamaa akasema. Papa, baba yake ni nani?

Banc nzima ikaanguka kwa kicheko. Papa Labo hakucheka. Aliangalia karatasi, akaangalia yule mutu, akaangalia karatasi. Niliona uso wake kwa upande, na ni mimi peke yangu niliyejua ile siyo hasira.

Kisha akaanza kunipa vioo nivioshe kabla hajavisoma. Kisha akaniita mama Béatrice, jina la bibi yake marehemu. Halafu siku moja niliingia na maji nikaona amekaa, jicho kwenye mashini, ametulia kabisa, na kile kioo cha chini kimegeuzwa kwenye ukuta. Hakukuwa na mwangaza ndani. Alikuwa anaangalia giza na kuandika négatif, yaani hakuna ugonjwa. Nikafungua daftari. Siku nyingi nyuma, wote négatif, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake muzuri.

Ningemwambia mukubwa wa centre. Sikumwambia. Mutu aliyenitoa kaburini, mimi nimupeleke kwa wakubwa? Nilianza kukaa kwenye mulango wa nje, ninanong'oneza akina mama: «Nenda kule kwingine, leo mashini imekufa.» Nilizani ninamulinda.

Na siku ile Fabien akamuleta mutoto wake, binti wa miaka minne, anawaka. Ni mujukuu wake, hakukaa kwenye banc, alipita moja kwa moja ndani. Papa Labo alichukua damu kwenye kidole, mukono wake bado ulijua. Akaangalia. Nilikuwa nyuma yake. Niliona kile kioo cha chini kimelala kwa upande. Akaandika, akasimama, akamupa Fabien.

— Négatif. Mupe maji na paracétamol.

Fabien aliniangalia, kwa sababu nilikuwa nimefungua mudomo. Nikaufunga. Niliona haya kumwambia Fabien, mbele ya baba yake, kwamba baba yake haoni. Baada ya siku tatu mutoto akafa hospitali kubwa, na kule waliona malaria damu nzima.

Mimi ninajitaja wa kwanza, kwa hiyo. Hakuna aliyeniuliza kanisani.

Wakubwa wa centre walimurudisha nyumbani bila sherehe, mimi nikaenda kumutunza. Alianza kupotea kati ya nyumba na choo. Alilala muchana. Alitukana. Na mimi, mujinga, nikaona ugonjwa wangu. Kwa miaka yote nilijua usingizi mumoja tu na wazimu mumoja tu, ule wenye mukia. Nikamwambia Fabien: ninajua hii, ni inzi, inapona! Tukamupeleka wakamupima shingo, damu, mpaka maji ya mugongo, na mimi nikimushika mukono kwa sababu ya sindano. Jibu likatoka. Nilirudi nalo kwa mbio, nimesimama juu ya toleka, baiskeli ya kukodi, na nikalipiga kelele kwenye mulango wa parcelle, uwanja wa nyumba, mbele ya majirani wote:

— Damu yake iko safi! Hana kitu! Safi kabisa!

Nilizani ni furaha. Fabien, anayeniita yaya, dada yake mukubwa, aliinuka polepole.

— Yaya, umesema hana kitu?

— Hana hata kimoja!

— Basi ni nini inamufanya vile?

Kwetu mutu akiumwa kuna ugonjwa wa Mungu na kuna ugonjwa wa watu, wa ulozi. Ule wa Mungu unaonekana katika labo. Kama labo haioni kitu, basi ni wa watu. Kila mutu Mangobo anajua hivyo, na mimi niliyeosha vioo miaka ishirini nilisahau kwamba wanajua. Ile siku jirani zetu wakaondoka mumoja mumoja, hawakuaga. Wiki ile Pastor Élysée akaanza kuja nyumbani, akasema muzee anayelala muchana na kutukana amechoshwa na kazi ya usiku, ni ndoki.

Katikati ya mambo hayo njo alikuja Docteur Médard, na sanduku la barafu na tubes, vichupa vyenye vifuniko vya rangi. Yeye na wenzake wa recherche, utafiti, walikuwa wanatafuta wazee wanaosahau. Aliongea vizuri. Alinielezea hata mimi.

— Mama, kuna ugonjwa ya ubongo, iko inakula kichwa ya muzee polepole. Ikianza, ubongo inaachilia kitu kidogo ndani ya damu. Zamani ilikuwa lazima mashini kubwa ambayo haiko hapa, ao kuchoma mugongo. Sasa tube moja ya damu inaweza kuonyesha alama yake.

— Donc ni ugonjwa? Siyo watu?

— Ni ugonjwa kama ingine.

Nilitaka kumubusu. Alama katika damu! Kitu cha kuonyesha pale mulangoni, karatasi yenye muhuri. Papa Labo alinyoosha mukono bila kupigana. Alipoona tube inajaa akauliza, kwa sauti yake ya zamani kabisa:

— Jibu itatoka lini?

— Mbele ya Noël, papa.

Akatia signature kwenye karatasi yao, nzuri, na mustari chini. Sanduku likapanda ndege.

Noël, sikukuu ya Krismasi, ikapita bila jibu. Nilikwenda kwenye bureau ya Docteur Médard mara nyingi, msichana wa mulangoni akanizoea. Docteur yuko Kinshasa. Docteur yuko kwenye mukutano. Fabien aliniuliza kila juma, kisha kila mwezi, kisha hakuuliza. Ninamutaja Fabien, lakini ninajua hili pia: alitamani karatasi ile kuliko mimi. Pastor alimwambia, baba yako amekula binti yako. Na hakukuwa na kitu mukononi cha kumujibu. Ikafika dimanche ile ya kanisani. Siku iliyofuata walimupandisha Papa Labo baleinière, wakamupeleka Yanonge kwa jamaa ya mbali, na begi moja. Parcelle wakanyunyiza chumvi ya kufukuza ulozi.

Nilimupata Docteur Médard baadaye, kwa sababu nilikaa mbele ya gari lake.

— Mama, jibu ilirudi zamani. Lakini ni ya recherche. Iko na namba, haina jina.

— Mutu yake iko na jina. Nipe.

— Siwezi. Na hata nikikupa… Hii kipimo ilitengenezwa juu ya damu ya watu wa mbali. Hapa mutu iko na ugonjwa ya figo, iko na malaria ya kila siku. Hatujui bado namba gani ni ugonjwa na namba gani ni bure. Naweza kukudanganya.

— Na kunyamaza siyo kudanganya?

— Karatasi aliyosaini inasema jibu ya mutu mumoja haitolewi. Ukurasa wa tatu.

— Wewe ulisema mbele ya Noël. Kwa mudomo.

Akaangalia saa. Siyo mutu mubaya. Aliniambia pole, na ninaamini alikuwa na pole. Kisha nikatoka mbele ya gari.

Nilishuka Yanonge mwezi uliopita. Wale jamaa ni wavuvi, hawamutesi, lakini hawakai naye. Chakula wanakiweka chini, wanarudi nyuma. Watoto walinionyesha kwa kidole, kwa mbali: «Ndoki iko kule.» Alikuwa chini ya paa la kukaushia samaki, peke yake, amekaa kwenye mutumbwi wa zamani uliogeuzwa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Shati limekuwa rangi ya moshi. Alikaa wima, uso kwenye njia, kama watu wanavyokaa kwenye banc ya centre. Niliposogea akasimama haraka.

— Madame, ni zamu yangu?

— Papa, ni mimi. Ni Isangi.

— Ndiyo, akasema kwa heshima. Mimi niko wa ngapi?

— Uko wa kwanza, papa.

— Ndiyo. Walichukua damu. Papa Labo akanionyesha ndani ya kiwiko, pale walipochoma. Jibu yangu imetoka?

Nikamwambia bado. Akakaa tena, akasogea kidogo kuniachia nafasi. Tukakaa hivyo mpaka boti ikapiga honi, na alipomuona mutu mwingine anapita na nyavu akasimama tena, haraka, akafunga kifungo cha shati.

Docteur Médard, wewe panda boti. Usitume mutu. Kuja na ile namba, na kama hujui maana yake, sema hujui, lakini sema mbele ya Fabien na mbele ya Pastor Élysée, kwamba kitu ulichokuwa unatafuta katika damu ya huyu muzee kinaitwa ugonjwa. Pastor, wewe simama mimbarini palepale, na uliondoe lile swali lako. Fabien, kuja umuchukue baba yako, mimi nitakuambia uso kwa uso yale niliyoyaona siku ile nikafunga mudomo. Kila siku anakaa pale Yanonge tangu asubuhi, anasimama kila mutu akipita. Ninauliza: ni nani kati yenu anakwenda kumujibu, na ni siku gani?